Krenki, Kotapini na Milki Kamili

Mtu akilipia baiskeli dukani Tabora na kupewa risiti, sheria inamtambua kuwa mwenye mali. Anaweza kuiuza, kuiazimisha, kuwarithisha watoto au kuiacha uani inyeshewe, na hakuna wa kumhoji. Swali ninalotaka kulishughulikia linaanza pale sheria inapoishia. Siku mkono wa pedeli unapoanza kucheza, mwenye baiskeli akakuta hawezi kuufungua, fundi wa jirani naye hawezi, na zana ya kuufungulia haipo mjini, je, alichokuwa nacho tangu siku ya kulipa kilikuwa milki? Jibu langu ni kwamba kilikuwa milki pungufu, na upungufu huo uliingizwa na mtu aliyekaa mezani kuchora, kwa uamuzi ambao ungeweza kwenda upande mwingine. Kwa sababu hiyo wepesi wa kutengeneza kitu ni jambo la haki kabla ya kuwa jambo la starehe au la gharama, na kipande kidogo cha chuma kinachounganisha mguu wa mwendeshaji na mnyororo kinatosha kulionyesha.

Mfano wangu unatoka Kitete, kata ya mji wa Tabora inayojulikana zaidi kwa hospitali ya rufaa ya mkoa, na Tabora yenyewe ilikua pale njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo ilipogawanyika, tawi moja likishuka Ujiji na jingine likipanda kaskazini kuelekea Karagwe na Buganda. Leo reli na lami zimechukua safari ndefu, na pikipiki imechukua sehemu kubwa ya safari fupi. Hata hivyo, kwa asiye na fedha ya petroli kila siku, kutoka barabara kuu hadi vijiji vya Uyui, Sikonge na Urambo bado ni kazi ya baiskeli: magunia ya mkaa, madumu ya maji na ya asali, tumbaku, mwanafunzi juu ya keria, mgonjwa anayeshikiliwa na ndugu yake anayesukuma. Baiskeli hizo ni za ukoo mmoja. Raleigh ya Nottingham ilitangulia, katika enzi za ukoloni. Zikafuata Phoenix ya Shanghai, Hero na Avon za India, na Swala zilizounganishwa Dar es Salaam. Majina yamebadilika, lakini fremu nzito ya chuma, breki za fito na krenki ya kotapini vimebaki vilevile kwa vizazi kadhaa.

Krenki hiyo imeundwa hivi. Ekseli ya chuma kigumu hupita katikati ya fremu juu ya gololi, kwa kawaida 11 kila upande. Kila ncha ya ekseli imepunguzwa ubavuni hadi ikawa bapa. Mkono wa krenki una tundu linaloivaa ncha hiyo, na tundu jingine dogo linalolikatiza la kwanza. Ndani ya hilo dogo hupigwa kotapini, yaani pini yenye unene wa milimita 9.5 hivi, ambayo upande mmoja imechongwa mshazari. Mshazari huo ndio unaofanya kazi yote: kadiri pini inavyoingia, ndivyo inavyobana ubapa wa ekseli, na nati ndogo upande wa pili huizuia isirudi nyuma. Nati haikazi chochote, ingawa wengi hudhani hivyo na kuikaza mpaka ikakatika; anayekaza ni nyundo. Uzito wote wa mwendeshaji, pamoja na nguvu anayoongeza anaposimama juu ya pedeli kupandisha gunia mlimani, hupita katika kipande hicho kifupi kuliko kidole.

Ninalotaka msomaji alitazame kwa makini ni ulaini wa pini. Hutengenezwa kwa chuma laini kuliko ekseli, na yeyote aliyefikiri haraka angeuona ulaini huo kuwa udhaifu. Lakini katika kiungo chochote kinachobeba mzigo lazima kitu fulani kitangulie kuchakaa, na mbuni ndiye anayeamua kitu hicho kiwe kipi. Hapa ameamua kiwe kile cha bei ndogo kuliko vyote, kinachotoka kwa nyundo na kuingia kwa nyundo. Pini ikianza kulegea hutoa mlio, tak, kila pedeli inapozunguka, na mlio huo humfikia mwendeshaji siku nyingi kabla ya hasara kufika. Fundi anayefanya kazi chini ya mwembe hulegeza nati, huikinga krenki kwa chini kwa kipande cha bomba ili pigo lisizifikie gololi na vikombe vyake, kisha hugonga. Pini mpya ikiwa nene kidogo, huila kwa tupa mpaka iingie, akichunga kwamba pini mbili za pande mbili zimeelekezwa kinyume, vinginevyo pedeli hazitakaa mstari mmoja. Zana zake ni nyundo, spana, tupa na kipande cha bomba. Maarifa yake ni makubwa kuliko zana zake, nayo yanafundishika kwa kijana anayekaa pembeni akitazama.

Sasa tutazame njia nyingine. Mwaka 1933 kampuni ya Stronglight ya Ufaransa ilileta krenki ya aluminiamu isiyo na pini. Ncha ya ekseli ilifanywa ya pembe nne na kupunguzwa kidogo kuelekea mwisho, na mkono ukabanwa juu yake kwa bolti. Ulikuwa uvumbuzi mzuri: mwepesi, safi, usiopiga mlio. Waendesha mbio waliupenda, nao ukaenea duniani kote. Lakini ulibadilisha mambo mawili kwa pamoja. Kwanza, mkono ukishabanwa hautoki kwa nyundo. Unahitaji pula maalumu inayoshikwa na hesi za ndani ya mkono wenyewe, na hesi hizo zikiliwa, ndiyo basi. Pili, kinachotangulia kuharibika kimebadilika. Bolti ikilegea na mtu akaendelea kuendesha, chuma cha ekseli hutafuna aluminiamu, tundu la pembe nne hupanuka, na mkono mzima hutupwa. Katika krenki ya zamani uzembe wa wiki moja uligharimu pini. Katika hii unagharimu mkono. Baadaye zilikuja ekseli zilizofungiwa pamoja na gololi zake ndani ya kopo moja, zinazofunguliwa kwa chombo chenye meno 20. Hizo hazipakwi grisi wala kubadilishwa gololi, huondolewa zote na kuwekwa nyingine.

Haki inanidai niseme kwamba upya wenyewe hauna kosa. Mwaka 2003 Shimano walitoa krenki ambayo mkono wake wa kushoto hubanwa kwa bolti mbili za pembeni. Mtu mwenye ufunguo wa pembe sita wa milimita 5 na zana ndogo ya kufungulia kifuniko cha ekseli huutoa kwa dakika chache, bila nyundo, bila pula, bila kuumiza chochote. Kwa upande huo ni rahisi kuliko kotapini, na ingekuwa ukaidi kulikana. Inathibitisha hoja yangu kwa namna nyingine: mbuni akitaka kitu kifunguke, hufunguka, hata kikiwa chepesi na cha kisasa. Lakini katika miaka ileile watengenezaji walianza kuachana na hesi ndani ya fremu na kuzishindilia gololi moja kwa moja. Vipimo vikaongezeka, kila kampuni na chake, baiskeli za bei kubwa zikaanza kulia na kukwaruza, na kufikia mwaka 2015 baadhi ya watengenezaji wa Marekani walirudisha hesi kwa kipimo kipya walichokiita T47. Matajiri wenye karakana kila mtaa walichoshwa na kitu kisichofunguka vizuri, wakaomba hesi zirudi. Kama wao waliona ni tatizo, mtu wa Sikonge hahitaji kuomba radhi kwa kuliona.

Tukiingia kwenye falsafa yenyewe, Plato katika kitabu cha kumi cha Jamhuri anamtofautisha mtumiaji na mtengenezaji. Mpiga filimbi, anasema, ndiye anayejua filimbi ipi ni nzuri, na mtengenezaji hana budi kumsikiliza. Ni hoja yenye nguvu, kwa sababu inamnyang'anya mtengenezaji neno la mwisho. Lakini imemsahau mtu wa tatu, yule anayekirudisha kitu kazini baada ya kuharibika. Fundi ana maarifa ambayo wawili wale hawana. Mtumiaji anajua baiskeli inapokwenda vizuri. Mtengenezaji anajua ilivyokusudiwa iwe. Fundi peke yake anajua jinsi inavyoshindwa, ni wapi huanzia, na nini hufuata. Kitu kinachobuniwa bila kumkaribisha fundi kimebuniwa kana kwamba hakitashindwa kamwe, na hiyo ni kauli ya uongo kuhusu chuma, kuhusu vumbi la kiangazi na kuhusu matope ya masika.

Mapokeo ya dini yaliyokita mizizi Tabora yamelifikiria jambo hili kwa kina kuliko tunavyokumbuka. Wanazuoni wa fikihi, yaani sheria ya Kiislamu, hutenganisha umbo la mali na manufaa yake. Mtu anaweza kuwa na moja bila jingine: mpangaji ana manufaa ya nyumba asiyoimiliki, na mwenye nyumba ana umbo lake huku manufaa yakiwa kwa mwingine mpaka mkataba uishe. Milki kamili ni kuwa na vyote viwili. Nikiutumia utenganisho huo kwenye krenki, naona yaliyompata mwenye baiskeli asiyeweza kuifungua. Umbo ni lake, lipo uani, hakuna anayebishana naye. Manufaa yametoka mkononi mwake bila mkataba wowote na yamekaa kwa mtu asiyemjua, mwenye pula, mwenye kopo jipya, mwenye uamuzi wa kuendelea kutengeneza kipimo hicho au kukiacha. Hakumuuzia mtu huyo manufaa ya baiskeli yake wala hakumpangisha. Yamehama kwa sababu ya umbo la tundu.

Fundisho la wakfu linaongeza nguvu. Mtu anapotoa nyumba au shamba kuwa wakfu, mapato yake huwaendea masikini au wanafunzi kama alivyoagiza. Lakini wanazuoni wameshikilia kwamba fedha ya kwanza inayotoka katika wakfu huenda kwenye matengenezo yake, hata kama mtoaji hakuandika hivyo, na walengwa hupata baada ya hapo. Wameona kwamba sadaka isiyotengenezwa hufa, na ikifa imewaibia walengwa wote wa kesho. Matengenezo, kwa mtazamo huo, yamo ndani ya maana ya kutoa. Hayafuati baadaye kama hisani. Nawaomba wanaoleta misaada ya baiskeli, pampu na mashine walifikirie hilo. Na kwa upande wa Kanisa, ambalo wamisionari wake walifika Tabora tangu karne ya 19, waraka wa Papa Fransisko wa mwaka 2015, Laudato Si', ulikemea mazoea ya kutupa vitu na kuyaunganisha na mazoea ya kuwatupa watu. Kiungo hicho kati ya kitu na mtu ndicho ninachokitetea hapa kwa kipimo cha krenki.

Historia ya njia ya kutoka pwani kuelekea magharibi kupitia Tabora inatoa ushahidi, na sioni sababu ya kuukwepa kwa kuwa ni wa mambo makubwa kuliko baiskeli. Misafara ya wapagazi wa Kinyamwezi iliundwa kwa mizigo ya frasila mbili hivi, yaani kilo 30 na kitu. Kipimo hicho kiliufanya msafara uwe kitu kinachotengenezeka: mpagazi akiugua au akitoroka, mzigo wake uliweza kubebwa na mwingine au kugawanywa, na safari ikaendelea. Baadaye ikaja meli. Graf von Goetzen ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande, ikapakiwa katika makasha yapatayo 5,000, ikaletwa Dar es Salaam na kusafirishwa kwa reli ileile iliyofika Tabora mwaka 1912, mpaka Kigoma, ambako iliunganishwa upya na kushushwa majini mwaka 1915. Wajerumani walipolazimika kuizamisha mwaka uliofuata, mafundi waliipaka mitambo yake grisi nzito kwanza. Waliwafikiria watakaoiinua. Waingereza waliiinua mwaka 1924, wakairudisha kazini mwaka 1927 kwa jina la Liemba, na ikawatumikia abiria wa Ziwa Tanganyika kwa miongo mingi. Meli iliyojengwa ifunguke, ikazamishwa na watu walioamini kwamba kutakuwa na fundi baada yao, ilivuka vita na dola mbili.

Urambo, magharibi mwa Tabora, unatoa ushahidi wa upande wa pili. Mpango wa karanga ulioanzishwa na serikali ya Uingereza mwaka 1947, Kongwa, Nachingwea na Urambo, ulitegemea matrekta na matingatinga, mengi yakiwa mabaki ya vita yaliyonunuliwa Ufilipino, mengine yakiwa vifaru vilivyogeuzwa kuwa matrekta. Visiki, udongo mgumu na uhaba wa vipuri na mafundi viliyasimamisha moja baada ya jingine. Mpango ulifutwa mwaka 1951 baada ya kumeza zaidi ya pauni milioni 30. Sababu za kushindwa kwake zilikuwa nyingi, mvua na ukaidi vikiwamo, nami sidai kwamba vipuri pekee viliuangusha. Nadai hili tu: nguvu ya mashine ilihesabiwa kwenye karatasi za London, na uwezo wa kuirudisha kazini haukuhesabiwa. Ardhi ileile baadaye ikawa ya wakulima wa tumbaku.

Pingamizi la kwanza ni la kiufundi, nalo lina ukweli. Watasema kotapini ni kero: inalegea, inapinda, hesi zake huharibika kwa kupigwa, na siku hizi sokoni zimejaa pini laini kupita kiasi ambazo hazimalizi mwezi. Ekseli iliyofungwa katika kopo hukaa miaka bila kuguswa. Je, kitu kisichoharibika si bora kuliko kitu kinachoharibika na kutengenezwa? Najibu kwamba ubora wa kitu hupimwa kwa mambo mawili: huharibika mara ngapi, na kikiharibika hasara yake ni ipi. Kopo linashinda kwenye la kwanza na kushindwa kwenye la pili. Kwa anayeishi kilomita mbili kutoka dukani, la kwanza ndilo muhimu, na ningekuwa huko ningelichagua kopo. Kwa aliye kilomita 60 ndani ya miombo na magunia mawili ya mkaa, kuharibika mara chache kwa namna isiyotengenezeka ni hasara kubwa kuliko kuharibika mara nyingi kwa namna inayomalizwa na fundi wa kijiji jioni hiyohiyo. Kuhusu pini mbovu, lawama ni ya kweli, lakini inamwendea aliyepunguza ubora wa chuma ili auze kwa bei ya chini. Sitetei kotapini kama kitu kitakatifu. Natetea mpangilio wake: kitangulie kuharibika kile cha bei ndogo, kitoe onyo, kifunguliwe kwa zana zilizopo.

Pingamizi la pili ndilo lenye uzito kuliko yote, na linatoka kwa watu wanaowapenda watu wa Tabora. Wanasema kusifu utengenezekaji ni kuupamba umaskini. Mkulima hatamani kuwa hodari wa kugonga pini. Anatamani chombo kisichomsumbua, kama wengine wanavyopata. Kumwambia kwamba krenki ya zamani inamfaa ni kumwambia abaki nyuma. Ningekuwa nasema hivyo, pingamizi hili lingenimaliza. Lakini angalieni nani leo anadai haki ya kutengeneza. Ufaransa ilianza mwaka 2021 kulazimisha bidhaa kadhaa za umeme zibandikwe alama ya kipimo cha utengenezekaji. Jimbo la Colorado, Marekani, lilipitisha mwaka 2023 sheria ya kuwapa wakulima vipuri, zana na maelekezo ya kutengeneza matrekta yao wenyewe. Umoja wa Ulaya ulipitisha agizo lake mwaka 2024. Hawa si maskini wanaojifariji. Ni watu walioonja milki pungufu wakaikataa. Mkulima wa Colorado aliyesimama mbele ya trekta lake lililojifunga, akimsubiri mtu wa kampuni aje na kompyuta, na mkulima wa Uyui mbele ya krenki isiyotoka, wamenyimwa kitu kilekile. Tofauti ni kwamba mmoja ana bunge linalomsikiliza.

Pingamizi hilo lina jibu jingine pia, kwa sababu linachukulia kwamba chombo cha kisasa kikifika, kitafanya kazi. Utafiti wa Perry na Malkin uliotolewa mwaka 2011, uliokusanya orodha za vifaa vya hospitali zaidi ya 100,000 katika nchi 16 zenye uwezo mdogo, uliona kwamba karibu asilimia 40 havikuwa vikifanya kazi. Hivyo vilikuwa vifaa vya kisasa, vingi vizuri kuliko vilivyotangulia. Mgonjwa hapati nafuu kutoka katika ubora wa mashine iliyozimika. Anayewatakia watu wa Kitete vitu bora, nami ni mmoja wao, hana budi kuuhesabu ubora mpaka siku ya matengenezo ya kwanza, asiuhesabu siku ya kupokea tu.

Wapo pia watakaosema kwamba chombo hakina maadili, mwenye maadili ni mtu. Krenki haina nia, haimdhulumu yeyote. Ni kweli haina nia, lakini aliyeichora alikuwa nayo, na umbo linaendelea kutekeleza uamuzi wake baada ya yeye kuondoka mezani. Mtu akijenga mlango bila kitasa cha ndani, hatusemi kwamba mlango hauna maadili na kuliacha jambo hapo, tunamuuliza aliyejenga. Mara nyingi jibu litakuwa kwamba hakumkusudia mtu ubaya, alitaka wepesi wa gramu chache tu. Nalipokea. Hata kutomfikiria mtu ni tendo pale mtu huyo anapojulikana kuwa mnunuzi.

Lililo gumu zaidi kwangu ni pingamizi kuhusu kutegemeana. Nyerere, aliyesoma na kufundisha Tabora kabla ya kuongoza nchi, aliifanya kujitegemea kuwa shabaha ya taifa katika Azimio la Arusha la mwaka 1967. Lakini kotapini yenyewe inatoka Shanghai au Ludhiana ya India; gololi hazifuliwi Uyui. Basi tunajidanganya tukidhani nyundo ya fundi inatupa uhuru? Mimi sioni kwamba kutegemea ni aibu. Wanyamwezi walitegemea ushanga na vitambaa vya pwani, na pwani ilitegemea mabega yao. Hakuna binadamu anayejitosheleza. Ninachopima ni aina ya utegemezi. Fundi wa mtaani anakujua, anaweza kukukopesha pini mpaka Jumamosi, na akikuharibia utamkuta palepale kesho. Pini yenye kipimo cha kawaida hutengenezwa na viwanda vingi, kwa hiyo hakuna kimoja kinachokushika shingo, na ikikosekana kabisa, mwenye mashine ya kukereza vyuma anaweza kuikereza mjini. Utegemezi huo una milango mingi. Wa kopo lenye kipimo cha kampuni moja una mlango mmoja, na ufunguo uko kwa mtu asiyekujibu. Kujitegemea kwa maana inayowezekana ni kuwa na milango mingi.

Kwa upande wa dini huenda mtu akauliza kama uchungu wote huu juu ya vyuma si kuipenda dunia kupita kiasi, ilhali kila kilichoundwa kitaoza. Naam, kitaoza. Lakini baiskeli haidaiwi kudumu milele. Inadaiwa kumfikisha mama Kitete wiki hii. Kuuchukulia uozo wa vitu kwa uzito ni kuupangia, kuamua mapema kitakachooza kwanza na nani atakibadilisha. Anayebuni kana kwamba kitu chake hakitaoza ndiye aliyeipenda dunia kupita kiasi.

Linabaki suala la nani anadaiwa. Mbuni wa mbali hafikiki kwa urahisi, lakini mwagizaji na muuzaji wanafikika. Sheria za Kiislamu za biashara humpa mnunuzi hiari ya kurudisha kitu kilichouzwa na kasoro iliyofichwa, na sheria za nchi nyingi zinafanana nazo. Mimi naona kwamba muuzaji anayejua kuwa krenki anayoiuza haifunguki kwa zana yoyote iliyopo mkoani, na kwamba kipuri chake hakiletwi, kisha akanyamaza, ameficha kasoro hata kama chuma ni kizima na kinang'aa. Baiskeli ni ileile, lakini iliyouzwa Tabora ina kasoro ambayo iliyouzwa Lyon haina. Shirika la Viwango Tanzania limekuwapo tangu mwaka 1975, na linaweza kufanya mawili bila kungoja mkataba wa kimataifa: kupima ugumu wa kotapini zinazoingia nchini na kuzikataa zile za chuma kibovu, na kumtaka kila mwagizaji wa baiskeli atamke kwa maandishi, kwa Kiswahili, kiungo cha krenki yake kinafunguliwa kwa zana gani, kipuri chake ni cha kipimo gani, na kinapatikana mkoa upi. Mnunuzi akishajua hayo, achague kopo au pini kwa hiari yake. Anayekwenda sokoni tu kwa lami atachagua kimoja, na mchoma mkaa wa Sikonge atachagua kingine.